Je, Kazi ya Shirika Yaweza Kudumu?

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo, ukiziweka pamoja, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ya pili yasema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu anayetaka kuendesha duka lake peke yake hushika ile ya kwanza. Wale wanaotaka kuchanga mali zao na kufanya kazi pamoja hushika ile ya pili. Nani ana haki?

Swali hili si la mchezo. Katika parokia zetu watu wengi wamekwisha kujaribu kazi ya shirika: mashine ya kusagia mihogo, karakana ya maseremala, cherehani za akina mama, utengenezaji wa sabuni. Mwanzo huwa mzuri. Watu huimba siku padri anapokuja kubariki mashine. Lakini mara nyingi, baada ya miaka miwili au mitatu, hutokea moja katika mambo mawili. Ama mtu mmoja amekwisha kushika ufunguo, daftari na sanduku, na wenzake wamebaki wenye shirika kwa jina tu. Siku anapougua au kufa, hakuna ajuaye nani anadai wala nani anadaiwa. Ama wenye shirika wameona faida ya mwaka wa kwanza, wakakopa ili wanunue mashine ya pili na ya tatu, na kazi iliyokuwa ikiwalisha imegeuka na kuanza kuwala. Mwisho ni ule ule: mashine imefunikwa turubai, ndugu hawasalimiani tena baada ya Misa, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali.

Basi tuwaulize watu ambao kazi yao ya shirika haikudumu miaka mitatu, bali zaidi ya miaka mia tisa. Ni watawa wa Cîteaux, ambao tawi lao moja huitwa Watrapisti. Wengi wetu twawajua kwa ukimya wao na kwa sala zao za usiku. Leo tuitazame kazi yao ya mikono: jinsi wanavyoitawala, na jinsi wanavyoipimia mpaka wake.

NAHODHA MMOJA, SHAURI LA WOTE

Msingi wa maisha yao ni Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, aliyezaliwa Nursia, nchi ya Italia, karibu na mwaka 480. Kanuni hiyo ina sura 73, na si zote zinazosema juu ya sala. Nyingi zasema juu ya jiko, ghala, majembe, chakula na bei ya vitu.

Juu ya utawala, Benedikto ameagiza hivi: likitokea jambo kubwa nyumbani, abate awaite ndugu wote, awaeleze mwenyewe shida ilivyo, kisha awasikilize. Wote wanaitwa, hata walio wadogo, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia kijana lililo jema zaidi. Ndugu watoe shauri kwa unyenyekevu, pasipo kulishindania shauri lao kwa ukaidi. Baada ya kusikia, abate hupima moyoni na kukata neno. Kwa mambo madogo yatosha kuwauliza wazee peke yao.

Hapo methali zetu mbili zaacha kugombana. Chombo kina nahodha mmoja, lakini hana ruhusa kukigeuza kabla ya kuwasikia mabaharia wote. Tena nahodha huyo hakujiweka mwenyewe, wala hakurithi kiti kwa baba yake. Ndugu ndio wanaomchagua, wakitazama maisha yake na hekima yake, hata kama ni wa mwisho katika safu yao. Siku hizi abate akifika umri wa miaka 75 hutoa barua ya kujiuzulu.

Kazi nyingine zimegawanywa pia. Yupo mtunza ghala, na Kanuni yamwagiza avitunze vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vya altare. Abate hushika orodha ya zana, apate kujua alichotoa na alichorudishiwa. Jikoni ndugu hutumika kwa zamu ya juma moja moja. Jumamosi anayetoka huosha vyombo na kuvirudisha safi na vizima, na mtunza ghala humkabidhi anayeingia. Ni desturi ndogo, lakini yatupa somo kubwa: kazi ikipita mikononi mwa wengi, hakuna anayeweza kusema kwamba bila yeye chungu hakichemki. Na fundi akianza kujivuna kwamba ustadi wake ndio unaoilisha nyumba, Kanuni yaagiza aondolewe katika kazi hiyo mpaka ajinyenyekeze. Benedikto aliona afadhali kupoteza faida kwa muda kuliko kuwa na fundi mmoja aliye juu ya ndugu zake.

Naye akaongeza neno juu ya bei. Vitu vinavyotengenezwa na watawa viuzwe kwa bei iliyo chini kidogo kuliko ya watu wengine, uroho usije ukaingia nyumbani kwa mlango wa biashara.

MGOMBA NA MACHIPUKIZI YAKE

Mwaka 1098 Abate Robert wa Molesme pamoja na watawa yapata 21 waliingia mahali penye misitu na mabwawa, kusini mwa mji wa Dijon, nchi ya Ufaransa. Mahali hapo paliitwa Cîteaux. Walitaka kuishika Kanuni bila kupunguza neno, na kuishi kwa jasho lao wenyewe. Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu. Waliojiunga nao walikuwa wachache mno. Kisha, karibu na mwaka 1113, akaja kijana Bernardo, ambaye baadaye angekuwa Mtakatifu Bernardo, pamoja na jamaa na rafiki wapatao 30. Nyumba ikajaa ghafla.

Tajiri wa leo angefanya nini? Angepanua majengo, angenunua mashamba ya jirani, angeajiri vibarua. Watawa wa Cîteaux walifanya kama mgomba ufanyavyo. Mgomba haushindani na mvule kwa urefu. Ukiisha kukomaa hutoa machipukizi pembeni, na kila chipukizi huwa mgomba wenye mizizi yake na mkungu wake. Mwaka 1113 walianzisha nyumba ya La Ferté. Mwaka 1114 Pontigny. Mwaka 1115 Clairvaux na Morimond. Desturi ikawa hii: kwenda kuanzisha nyumba mpya hutumwa watawa 12 pamoja na abate wao. Mtakatifu Bernardo alipofariki mwaka 1153, nyumba zilikuwa zimezidi 300.

Lakini nani angezitawala nyumba hizo zote? Abate wa tatu wa Cîteaux, Mwingereza Stephen Harding, pamoja na ndugu zake, waliweka mapatano yaliyoitwa Hati ya Mapendo. Papa Kalisto wa Pili aliyathibitisha mwaka 1119. Katika mapatano hayo nyumba mama yakataa kuzitoza nyumba watoto kodi ya mali. Kila nyumba yajitawala na kula mazao yake. Abate wa nyumba mama huja kuitembelea nyumba mtoto kila mwaka, kuona kama Kanuni inafuatwa. Maabate wote hukutana katika baraza moja kuonyana na kusaidiana. Na nyumba moja ikipatwa na ufukara mkubwa, nyingine hazina budi kuisaidia. Hata abate wa Cîteaux mwenyewe aweza kuonywa na wenzake.

Tazameni tena mpango huo, wasomaji. Mama hamnyonyi mtoto. Mtoto hamsahau mama. Wakubwa huulizwa habari zao na wakubwa wenzao. Hati hiyo iliandikwa wakati ambapo mabwana wa Ulaya walikuwa wakitoza kodi kila mahali mkono wao ulipofika.

SIKU MAPATO YALIPOKWENDA KWA MGENI

Tusidhani kwamba watawa hawakuanguka. Walianguka, na tukijua walivyoanguka tutajua kilichokuwa kikiwasimamisha.

Kwanza walitajirika. Mashamba yakaongezeka, makundi ya kondoo yakaongezeka, na utajiri ukawaita wakubwa wa dunia kama asali iitavyo sisimizi. Baadaye ndugu walinyang'anywa haki ya kumchagua abate wao. Katika Ufaransa, kwa mapatano ya mwaka 1516 kati ya mfalme na Papa, mfalme ndiye aliyekuwa akiwataja maabate. Wengi wao hawakuwa watawa kamwe. Waliishi mbali katika majumba ya mjini na kupokea mapato ya nyumba ambazo hawakulala humo hata usiku mmoja. Paa zikavuja, ndugu wakapungua, sala ikapoa. Hapakuhitajika adui wa kuvunja ukuta. Shauri lilikuwa limetoka mikononi mwa wenye kazi, na faida ilikuwa ikienda kwa asiyelima.

Mmoja wa maabate wa namna hiyo alikuwa Armand-Jean de Rancé. Alipewa mapato ya nyumba ya La Trappe angali mtoto. Alipokua Mungu alimgusa moyo. Akaacha mali yake, na mwaka 1664 akaingia La Trappe kuwa abate kweli kweli, akila na kufanya kazi pamoja na ndugu. Kutoka jina la nyumba hiyo limetoka jina la Watrapisti.

POMBE YA WESTVLETEREN

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatawanya watawa, lakini chipukizi halikufa. Mwaka 1831 watawa waliotoka Catsberg, kilima kilicho upande wa Ufaransa karibu na mpaka, walianza nyumba ya Mtakatifu Sixtus katika kijiji cha Westvleteren, nchi ya Ubelgiji. Karibu na mwaka 1839 wakaanza kupika pombe. Mwaka 1850 watawa kutoka Westvleteren wakaanzisha nyumba ya Scourmont, karibu na mji wa Chimay. Na mwaka 1954 Scourmont nayo ikawatuma ndugu huku kwetu, wakaanzisha nyumba ya Bikira Maria wa Mokoto, katika milima ya Masisi, Kivu. Hivyo Mokoto ni kitukuu cha Catsberg. Mwezi wa Mei 1996 vita ilifika hata pale: watu waliokuwa wamekimbilia kwa watawa waliuawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Lakini jumuiya haikufa pamoja na majengo yake. Iliendelea Keshero, katika Goma. Jumuiya iliyozoea kushauriana na kugawana kazi hubeba nyumba yake moyoni.

Turudi Westvleteren. Baada ya vita kuu ya pili, abate wa wakati ule aliona kwamba kazi ya pombe yazidi kukua, na yawavuta ndugu mbali na sala. Mwaka 1946 akakata neno: kiwanda cha kijiji jirani cha Watou kikapewa ruhusa kupika na kuuza pombe kwa jina la Mtakatifu Sixtus, na watawa wenyewe wakabaki kupika kidogo, kadiri ya mahitaji ya nyumba. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 1992, lakini kipimo cha watawa hakikukoma.

Kipimo hicho kilijaribiwa mwaka 2005. Wapenzi wa pombe wa nchi mbalimbali, wanaoandika maoni yao katika intaneti, waliiweka pombe ya Westvleteren juu ya nyingine zote duniani. Magari yakapanga mstari mrefu barabarani, na akiba ikaisha. Mfanyabiashara yeyote angesema kwamba siku ya mavuno imefika. Watawa hawakuongeza pipa hata moja kwa sababu ya sifa ile, wala hawakupandisha bei ili wachume kwa wenye kiu. Hata leo wanapika karibu hektolita 6,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kiwanda kikubwa cha mjini chaweza kukimaliza kwa siku chache. Wachuuzi walipoanza kununua chupa hizo na kuziuza tena kwa bei ya mara nyingi zaidi, watawa waliweka mwaka 2019 mpango mpya wa kuagiza kwa njia ya intaneti, ili pombe imfikie mnywaji mwenyewe.

Msidhani kwamba kipimo chao ni kamba isiyolegea. Majengo yao ya zamani yalipochakaa, wakahitaji fedha za kujenga upya, mwaka 2011 waliuza pombe ya ziada madukani Ubelgiji, na mwaka 2012 nchi za ng'ambo. Shida ilipotimizwa wakarudi kuuza mlangoni pao kama zamani. Wanajua wanachokitafuta, kwa hiyo wanajua pia wakati wa kusimama.

Tangu mwaka 1997 nyumba za Kitrapisti zina muungano wenye alama yake. Kuipata alama hiyo kuna masharti matatu: kitu kitengenezwe ndani ya eneo la monasteri au jirani nayo, chini ya uangalizi wa watawa; kazi hiyo iwe ya pili baada ya maisha ya kitawa; na mapato yawalishe ndugu na kutunza nyumba, na yanayobaki yawasaidie maskini.

Hata hivyo kuna hatari moja ambayo kipimo peke yake hakiiondoi. Nyumba ya Achel, karibu na mpaka wa Uholanzi, ilikuwa na pombe inayopendwa. Lakini vijana hawakuingia tena, na mwaka 2021 watawa wa mwisho waliondoka. Alama ikaondoka pamoja nao, na mwaka 2023 mali ikauzwa. Mapipa hayakukosa wanunuzi. Yalikosa warithi.

NA SISI?

Msomaji mmoja atasema: “Watawa hawana mke wala watoto. Mimi nina watoto sita na mjane wa kaka yangu. Nitasemaje kwamba imetosha?” Neno hilo ni la haki, na asije mtu akamwambia maskini aridhike na njaa. Kutosha si kukosa. Mwenye watoto sita ana kipimo kikubwa kuliko abate, na ni wajibu wake kukifikia kwa nguvu zake zote. Lakini awe na kipimo! Asiye nacho hajui kama shirika limestawi au limeharibika. Hutazama tu mashine ya jirani, na jirani daima atakuwa na mashine kubwa zaidi.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuanza kazi pamoja, kabla ya kununua kitu chochote kaeni na kuandika katika daftari: chakula cha jamaa zetu ni kiasi gani kwa mwezi, minervali ni kiasi gani, dawa, mafuta ya mashine, akiba ya kununua mashine nyingine hii itakapokufa, maana itakufa, na fungu la maskini. Jumla ya hayo ndiyo kipimo chenu. Kikitimia, msikimbilie deni. Wakija wengine kuomba kuingia, na nafasi haitoshi, fanyeni kama mgomba: wasaidieni kuanza shirika lao katika mtaa wao, mwafundishe hesabu na utengenezaji, wala msiwatoze ushuru wa kuwa wazazi wao.

Mchague mkubwa mmoja, kwa muda uliowekwa, naye akate neno baada ya kuwasikia wote. Daftari na sanduku visikae kwa mtu mmoja. Katika likelemba zetu, ambapo fedha hufunguliwa na kuhesabiwa mbele ya macho yote, watu maskini wamekwisha kuonyesha kwamba twaweza kuaminiana bila kufungana macho. Kazi za kila siku zipite kwa zamu, ili mwaka mmoja ukiisha kila mtu awe amekwisha kuuza, kuhesabu na kufagia.

Na ninyi akina baba, hata kama hamna shirika lolote, mnalo moja: nyumba yenu. Ni wake wangapi wanaojua deni la waume zao kabla ya siku ya msiba? Benedikto aliwaita ndugu wote, hata mdogo. Wewe wamwita nani? Mwite mama watoto, mwite na kijana wako aliyekwisha kujua kujumlisha. Waonyeshe yaliyoingia na yaliyotoka. Heshima yako haitapungua. Hata neno lako litasikiwa zaidi, maana watajua limetoka wapi.

Ninyi wanafunzi, msiseme kwamba mambo haya ni ya wazee. Achel iliondoka kwa kukosa vijana. Hesabu mnayojifunza shuleni si ya mtihani tu; siku moja mtakabidhiwa daftari la watu wengine, na macho yao yatawatazama ninyi. Yule mwenye kushika zamu ya jikoni alirudisha vyombo safi na vizima kwa ajili ya mwenzake anayekuja. Tuombe neema ya kufanya vivyo hivyo: kupokea kazi kutoka kwa wengine, kuifanya pamoja na wengine, na kuwakabidhi wengine ikiwa safi na nzima.